Wanaouza mbwa kwa hati bandia za ukoo waadhibiwe

Asubuhi moja mwaka jana, mwalimu mmoja wa shule ya msingi alifika katika kliniki yangu akiwa amemshika mkono binti yake wa miaka saba. Mtoto huyo alikuwa ameumwa kwenye kiganja na kilebu, yaani mtoto wa mbwa, ambaye babake alikuwa amemnunua majuma matatu hivi kabla ya siku hiyo. Usiku huo kilebu alikuwa ameshikwa na kifafa mara kadhaa, na mtoto aliumwa alipojaribu kumtuliza.

Nilipouliza kama mbwa huyo alikuwa amechanjwa, mwalimu hakusita.

"Daktari, huyu si mbwa wa barabarani. Ana karatasi zake zote," alisema, akaweka bahasha juu ya meza yangu.

Ndani ya bahasha hiyo mlikuwa na karatasi mbili. Ya kwanza ilikuwa hati ya nasaba iliyoonyesha kwamba kilebu ni mbwa halisi aina ya German Shepherd, pamoja na majina ya baba, mama, babu na nyanya zake hadi kizazi cha tatu. Ya pili ilikuwa kadi ya chanjo yenye muhuri. Nilizisoma zote mbili, kisha nikarudia kusoma tarehe. Kwa mujibu wa karatasi hizo, mbwa huyo alikuwa amechanjwa siku 11 kabla ya kuzaliwa.

"Mwalimu, hebu tazama tarehe hizi," nilimwambia. Alizitazama kwa muda mrefu bila kusema neno.

Tuliosha kidonda kwa maji mengi na sabuni, na siku hiyo hiyo tukaanza kumdunga mtoto sindano za kuzuia kichaa cha mbwa. Kilebu alikufa siku iliyofuata. Daktari wa mifugo alipeleka kichwa chake kwenye maabara na, kwa bahati njema, majibu yalionyesha kwamba hakuwa na kichaa. Kwa maoni ya daktari huyo, kilichomuua ni distempa, ugonjwa ambao kadi ile ilidai vilevile kuwa alikingwa dhidi yake. Leo mtoto ni mzima. Lakini mwalimu alikuwa amelipa shilingi 45,000 kwa mbwa aliyeishi naye mwezi usiotimia, akagharimika tena kwa matibabu, na kwa siku kadhaa yeye na mkewe hawakupata usingizi.

Baadaye alifanya uchunguzi wake mwenyewe. Alimpata mwenye mbwa dume aliyetajwa kwenye hati kuwa ndiye baba. Mzee huyo alimweleza kwamba mbwa wake alikufa miaka miwili kabla ya kilebu kuzaliwa. Jina la marehemu lilikuwa bado linazaa watoto sokoni.

Ndugu msomaji, huenda ukashangaa kwa nini daktari wa binadamu anajiingiza katika biashara ya mbwa ilhali wagonjwa wa malaria, kisukari na shinikizo la damu wamejaa kwenye mabenchi yake. Sababu yangu ni moja. Watu wengi huichukulia hati ya nasaba kuwa pambo la matajiri, na anayeighushi kuwa mjanja tu wa biashara. Mimi naiona hati hiyo kuwa karatasi ya afya. Anayeighushi hana tofauti na anayeghushi majibu ya maabara, naye anastahili kuadhibiwa hivyo.

Hati inasema nini

Mgonjwa anapoketi mbele yangu, miongoni mwa maswali ya kwanza ninayomuuliza ni kuhusu jamaa zake. Je, wazazi wako hai? Walikufa kwa ugonjwa gani? Kuna ndugu mwenye kisukari, pumu au kifafa? Majibu hayo huniongoza kujua nitafute nini. Mbwa hawezi kuulizwa. Hati ya nasaba ndiyo inayomjibia.

Wasomaji wanaotoka Nyanza, Magharibi na Pwani wanaujua vyema ugonjwa wa selimundu. Baba na mama wanaweza kuwa wazima kabisa, kila mmoja akibeba nusu ya kasoro hiyo katika damu bila kujua. Wakipata mtoto, kila mimba ina uwezekano wa moja kwa nne wa kutoa mtoto mgonjwa. Magonjwa mengi ya kurithi ya mbwa hufuata kanuni hiyo hiyo. Mbwa mmoja mwenye kasoro iliyojificha si hatari kubwa. Hatari huja anapopandishwa na jamaa yake wa karibu anayebeba kasoro ile ile.

Mbwa wawili waliozaliwa na baba mmoja na mama mmoja wakizaliana, watoto wao hurithi nakala mbili zilizo sawa katika robo nzima ya jeni zao, hata kama babu na nyanya zao hawakuwa na undugu wowote. Kwa ndugu wa baba mmoja na mama tofauti, kiwango hicho ni sehemu moja kwa nane. Hesabu hii haiwezekani kufanywa ikiwa majina yaliyo kwenye hati ni ya uongo. Mnunuzi anaweza kuwapandisha mbwa wawili akiamini hawana uhusiano, kumbe ni kaka na dada.

Mfano mzuri ni ule wa Basenji, mbwa wadogo wa kuwinda wenye asili ya misitu ya Congo, ambao husifika kwa kutobweka kama mbwa wengine. Mbwa wote wa aina hiyo waliokuwa Ulaya na Marekani walitokana na mababu wachache waliotolewa Afrika. Kwa hiyo ugonjwa wa figo uitwao Fankoni ulienea miongoni mwao. Mbwa mwenye ugonjwa huo hutoa sukari kwenye mkojo ingawa sukari ya damu yake ni ya kawaida. Ubaya ni kwamba dalili kwa kawaida hujitokeza akiwa na umri wa miaka minne hadi minane, na wakati huo huenda ameshazaa mara kadhaa.

Wafugaji walifanya nini? Mnamo 1987 na 1988 baadhi yao walisafiri hadi kaskazini mashariki mwa Zaire, nchi ambayo sasa ni Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo, wakachukua mbwa wapya vijijini. Mwaka wa 1990 chama cha American Kennel Club, ambacho kimekuwa kikiandikisha mbwa tangu 1884, kilikubali kufungua daftari lake la nasaba ili mbwa hao waingizwe. Damu mpya iliingizwa mchana kweupe, kila mbwa akaandikwa alikotoka.

Kisa cha mbwa wa madoadoa aina ya Dalmatian ni hivyo hivyo. Wote walikuwa na kasoro ya kurithi inayozidisha asidi ya yuriki katika mkojo, na baadhi yao wakapata mawe yanayoziba njia ya mkojo. Mnamo 1973 mtaalamu wa jenetiki Robert Schaible alimpandisha Dalmatian na mbwa aina ya Pointer, kisha akaendelea kuwapandisha wazao wake na Dalmatian halisi kizazi baada ya kizazi. Kulikuwa na upinzani mkali wa miaka mingi, lakini mnamo 2011 chama hicho cha Marekani kiliwakubali wazao hao.

Naeleza visa hivi ili nisieleweke vibaya. Sipigii debe usafi wa damu. Mbwa chotara si dhambi, na mara nyingine kuchanganya damu ni dawa. Lakini uamuzi wa namna hiyo hauwezi kufanywa na watu wasiojua ni mbwa gani aliyemzaa mwingine.

Jinsi udanganyifu unavyofanywa

Kuna njia nyingi. Ya kwanza ni kubadilisha jina la baba. Mwenye jike hataki kulipa ada ya dume mashuhuri, kwa hiyo humpandisha na dume aliye hapo nyumbani, pengine kaka yake, halafu huandika jina la yule mashuhuri.

Ya pili ni kuongeza idadi. Jike huzaa vilebu watano, mwenyewe huandikisha wanane. Karatasi tatu zinazobaki huuzwa pamoja na vilebu waliookotwa mahali pengine. Ya tatu ni kutumia karatasi za mbwa aliyekufa, kama ilivyokuwa kwa mwalimu wetu. Ya nne ni kuficha umri wa jike na idadi ya mara alizozaa, ili aendelee kuzalishwa bila kupumzika. Na siku hizi, kwa kompyuta na mashine ya kuchapisha, mtu anaweza kutengeneza hati nzima pamoja na muhuri kabla chai yake haijapoa.

Hapa ni lazima tutofautishe kosa na uhalifu. Jike aliye katika joto anaweza kupandwa na madume wawili, na vilebu wa uzao mmoja wakawa na baba tofauti. Mfugaji mwaminifu anaweza kukosea bila nia mbaya. Ndiyo maana uchunguzi wa kitaalamu unahitajika kabla ya mtu kunyoshewa kidole.

Jambo linalonitia hofu zaidi ni kwamba uongo hautembei peke yake. Aliyeghushi jina la baba hatasita kughushi kadi ya chanjo, kwa kuwa mnunuzi ni yule yule na bahasha ni ile ile. Mnunuzi akiiona hati yenye majina ya kifahari huamini kila kitu kingine kilichomo.

Hapo ndipo afya ya watu inapoingia. Kichaa cha mbwa kimejulikana humu nchini tangu 1912, na mpango wa taifa uliozinduliwa 2014 unalenga kukomesha vifo vya watu kutokana nacho ifikapo 2030. Katika visa 99 kati ya 100 binadamu hukipata kutoka kwa mbwa, na dalili zikishajitokeza hakuna tiba. Mpango kama huo hujengwa juu ya kadi za chanjo. Kadi moja ya uongo inaweza kumfanya mzazi aseme, "Haina haja ya hospitali, mbwa wetu amechanjwa." Maneno hayo yanaweza kumgharimu mtoto maisha yake.

Wenzetu wamefanya nini

Huko Marekani, kila dume atakayezalisha vilebu wa mara saba au zaidi maishani mwake, au zaidi ya mara tatu katika mwaka mmoja, ni lazima alama zake za urithi, yaani DNA, ziwekwe katika kumbukumbu za American Kennel Club. Wakaguzi wa chama hicho huwatembelea wafugaji kuangalia mbwa na daftari zao. Anayepatikana na makosa makubwa anaweza kutozwa faini na kusimamishwa, na majina ya waliosimamishwa hutangazwa.

Nchini Uingereza, filamu ya BBC iliyoonyeshwa 2008 kuhusu magonjwa ya mbwa wa nasaba ilizua kelele nyingi. Mwaka uliofuata, chama cha Kennel Club cha huko, kilichoanzishwa 1873, kiliacha kuandikisha vilebu waliozaliwa na mzazi na mtoto wake, au na ndugu wa baba na mama mmoja. Tangu Aprili 2020, sheria inayojulikana kama Sheria ya Lucy imewapiga marufuku madalali wa Uingereza kuuza vilebu walio chini ya miezi sita. Mnunuzi ni sharti aende kwa aliyewazalisha na awaone wakiwa na mama yao. Lucy alikuwa jike aliyeokolewa akiwa amedhoofika baada ya kuzalishwa mfululizo.

Sheria tunazo

Baadhi ya watu watasema kwamba Kenya haina sheria kuhusu jambo hili. Si kweli. Kifungu cha 313 cha Kanuni ya Adhabu, Sura ya 63, kinasema kwamba anayejipatia mali kwa njia ya udanganyifu anaweza kufungwa miaka mitatu. Kughushi hati kuna adhabu ya miaka mitatu chini ya kifungu cha 349, na anayetumia hati hiyo akijua ni ya uongo hana nafuu. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, inataka bidhaa iliyouzwa kwa maelezo fulani ilingane na maelezo hayo. Aidha, tunayo Sheria ya Kuwalinda Watumiaji Bidhaa ya 2012.

Tatizo ni kwamba aliyeuziwa mbwa kwa hati bandia huona aibu kwenda kituo cha polisi. Anaogopa kuchekwa. Afisa aliye kwenye dawati ana kesi za wizi wa mabavu na ubakaji, na huyu analalamika kwamba babu ya mbwa wake si yule aliyeandikwa! Kwa hiyo hurudi nyumbani, na mwizi huzalisha tena.

Naelewa kwamba mahakama zetu zina kazi nyingi. Ndiyo maana nasema kinga ni bora kuliko tiba, na kinga yenyewe si ghali kuliko mbwa.

Kwanza, chama chochote kinachoandikisha mbwa wa nasaba humu nchini, ukiwemo East Africa Kennel Club, hakina budi kudai uthibitisho wa DNA wa baba na mama kabla ya kuandikisha uzao. Kinachohitajika ni pamba inayosuguliwa ndani ya shavu la mbwa. Kama ni vigumu kuwapima wote kwa wakati mmoja, basi waanze na madume wanaozalisha sana, kwa sababu uongo kuhusu dume mmoja huchafua mamia ya wazao.

Pili, kila kilebu adungwe chipu ya utambulisho chini ya ngozi kabla ya kuondoka kwa mama yake, na nambari yake ya tarakimu 15 iandikwe kwenye hati ya nasaba na kwenye kadi ya chanjo. Hapo karatasi za marehemu hazitaweza kuvishwa aliye hai.

Tatu, nambari ya usajili ya daktari wa mifugo iandikwe kwenye kila kadi ya chanjo. Daktari atakayepatikana akiuza kadi tupu zenye muhuri afikishwe mbele ya bodi yake. Nasema hivi bila kujitakasa, kwa maana sisi madaktari wa watu pia tunao wenzetu wanaouza barua za likizo ya ugonjwa kwa watu wazima wa afya, na fedheha hiyo ni yetu sote.

Nne, adhabu iumize mfuko. Mwenye kughushi arudishe pesa zote, alipe gharama ya matibabu ya mbwa na ya mtu aliyedhurika, apigwe marufuku kuandikisha mbwa, na jina lake litangazwe kwa wanachama. Wazao waliotokana na hati hiyo waondolewe kwenye daftari mpaka wapimwe. Mbwa wenyewe wasiuawe wala kutupwa barabarani, kwani wao hawakuandika chochote. Na anayerudia kosa apelekwe mahakamani chini ya vifungu nilivyotaja.

Mnunuzi naye ana wajibu

Ukitaka mbwa wa nasaba, nenda mchana nyumbani kwa mfugaji umwone mama akiwa na watoto wake. Ukiambiwa mkutane kwenye kituo cha mafuta au kando ya barabara, rudi nyumbani. Linganisha tarehe zote. Chanjo ya kichaa kwa kawaida hutolewa kilebu anapotimiza miezi mitatu, kwa hiyo kadi inayosema aliipata akiwa na majuma matano ina walakini. Piga simu kwa chama na kwa daktari aliyetia sahihi. Ikiwa ni aina ya mbwa wenye matatizo ya nyonga, kama German Shepherd na Rottweiler, omba kuonyeshwa picha za eksrei za wazazi. Dai risiti yenye jina na nambari ya kitambulisho cha muuzaji. Mkweli hatakasirika.

Na kama unachotaka ni mlinzi wa boma tu, huhitaji karatasi za ukoo. Mimi mwenyewe ninaye mbwa wa kienyeji, umri wake ni miaka tisa, na sijui babake ni nani. Nilimpeleka kuchanjwa kwa mkono wangu mwenyewe.

Juu ya yote, hakuna hati inayotibu kidonda. Ukiumwa na mbwa, hata awe na nasaba ya kifalme, osha kidonda kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha nenda hospitalini siku hiyo hiyo. Usingoje kuona kama mbwa atakufa.

Yule mwalimu bado anayo bahasha yake. Nilimshauri aipeleke kwa polisi, akaniambia anaona haya kwa wanafunzi wake kusikia kwamba mwalimu wao wa hesabu hakuona tarehe zisizolingana. Nilimjibu kwamba aibu si yake, ni ya aliyeandika tarehe hizo. Juma lililopita alinijulisha kwamba amekwenda kuandikisha taarifa. Natumaini afisa aliyempokea hakucheka.